Vila ya kisasa nyanda za juu kusini: choreni kitanda kabla ya kuchimba msingi

#1 Mwanzisha uzi (seremala, Mbeya)

Wakuu, heshima kwenu nyote. Mimi ni seremala hapa Mbeya, na kwa desturi ya kazi yangu huitwa nyumba ikiwa imekwisha kuezekwa, kupigwa plasta na pengine hata rangi ya kwanza. Hapo mwenye nyumba hunionyesha kwenye simu picha ya sebule aliyoiona mtandaoni, sebule ya vila iliyojengwa mahali penye joto, kisha huniambia, "Fundi, nataka hivi." Nami hutoa futi kamba yangu, nikapima, na katika nyumba nyingi jibu ninalolipata ni kwamba hivyo haiwezekani tena, kwa sababu jambo lililopaswa kuamuliwa na kitanda limekwisha kuamuliwa na tofali.

Chukueni chumba cha kulala cha mita tatu kwa tatu, ambacho ndicho kilichozoeleka katika ramani zinazouzwa tayari. Plasta hula sentimita moja na nusu kila upande, kwa hiyo mnabaki na sentimita 297. Kitanda cha futi sita kwa sita ni sentimita 183, bila kuhesabu unene wa mbao za ubavuni. Kabati la nguo halipaswi kupungua kina cha sentimita 60, maana koti lililotundikwa haliingii katika kabati jembamba kuliko hilo. Jumla ni sentimita 243. Zinabaki 54 za kugawana pande mbili za kitanda, ilhali mlango wa kabati peke yake unadai 45 ili ufunguke. Aliyechora chumba hicho alichora kuta nne, mlango na dirisha, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna mtu atakayelala humo.

Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja upande wa Isyesye, nyumba nzuri sana kwa nje, ambayo mwenyewe alikuwa ameitumia akiba ya miaka mingi. Soketi zote za chumba kikuu zilikuwa nyuma ya mahali pekee ambapo kabati lingeweza kukaa. Bimu ilipita katikati ya dari ya sebule, na meza ya chakula ikalazimika kukaa pembeni mwa taa yake, kama mgeni aliyekosea harusi. Jiko lilikuwa na dirisha ambalo kizingiti chake cha chini kilikuwa usawa mmoja na meza ya jiko, kwa hiyo bomba la sinki likawa linagusa kioo. Hakuna fundi aliyekuwa mzembe pale, ila kila mmoja alifanya kazi yake bila kuiona ya mwenzake.

Ndiyo maana naomba tujadili namna ya kuibuni vila ambayo kuta zake na samani zake vinachorwa pamoja, kwenye karatasi moja, kabla ya jembe kugusa ardhi. Naomba pia tuijadili kwa hali ya hewa ya huku kwetu, si ya Dar es Salaam.

Huku jambo la kwanza la kuamua ni jua. Mji wa Mbeya uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, na kati ya Juni na Agosti baridi ya usiku haina mzaha. Tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini tangu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba. Mwishoni mwa Juni, wakati tunapolihitaji zaidi, husimama nyuzi 58 hivi juu ya upeo wa macho, likichungulia chini ya paa kutoka kaskazini. Kwa hiyo sebule, chumba cha kulia na mahali pa wazee kuketi vinapaswa kutazama kaskazini, na stoo, ngazi, gereji na vyoo vikae kusini ambako ukuta hubaki na ubaridi. Kwa bahati njema, aliyejenga mjini Mbeya akitazama kaskazini anautazama pia Mlima Loleza, na hivyo mandhari na joto vinaingia kwa dirisha moja. Bado, vila nyingi ninazoitwa kwenda kuzifanyia kazi zimegeuzia barabara vioo vyote vikubwa, hata barabara ikiwa kusini.

Mtego uliopo ni baraza. Paa lililotokeza sentimita 60 juu ya mlango wa kioo wa kaskazini huutupia mlango huo kivuli cha karibu sentimita 96 adhuhuri ya mwisho wa Juni, na sehemu yote ya chini hupata jua linaloingia hadi sakafuni. Likitokeza mita moja na nusu, kama baraza za pwani, kivuli hushuka mita 2.4, yaani mlango mzima, na sebule hukaa baridi mchana kutwa huku mwenye nyumba akiota jua nje. Baraza pana ni kitu chema, lakini liwekwe ubavuni mwa sebule, lisiwekwe mbele yake.

Hapo ndipo kazi yangu inapoingia mapema kuliko watu wanavyodhani. Dirisha la kaskazini linafaa kuwa na kiti chake, yaani benchi la mbao lililojengwa ukutani, lenye kimo cha sentimita 45 na kina cha 55 hivi, na droo za mablanketi chini yake. Ili benchi hilo liwepo, mwashi anapaswa kusimamisha kizingiti cha dirisha baada ya kozi mbili, yaani mistari miwili, ya tofali za saruji badala ya nne alizozoea. Akishapandisha kozi nne, benchi hilo halipo tena, na mimi nikiitwa miezi minane baadaye sina la kufanya zaidi ya kutengeneza kochi la kusukuma ukutani.

#2 Mchangiaji kutoka Njombe (mwenye kiwanja)

Asante sana fundi kwa uzi huu, maana umenikuta nikiwa na ramani mkononi na msingi haujachimbwa. Nina kiwanja hapa Njombe, na ramani yangu ni ya ghorofa moja juu, yenye sebule iliyo wazi hadi paa la juu, ngazi ndani ya sebule hiyo hiyo, jiko lisilo na ukuta, na meko ya kuni ukutani kwa ajili ya baridi. Mke wangu ameipenda. Mama yangu mzazi, ambaye tutaishi naye, ametazama picha mara moja tu akauliza dagaa watakaangiwa wapi. Naomba ushauri wako kuhusu sebule ndefu, meko na jiko, kabla sijapeleka ramani halmashauri kuomba kibali cha ujenzi.

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Njombe, mama ameuliza swali la kibunifu kuliko mengi niliyowahi kuulizwa, nami nitalifikia.

Sebule iliyo wazi hadi juu inapendeza katika picha na inafaa kwenye joto, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na kuwaachia watu ubaridi chini. Njombe mko karibu mita 2,000, na sheria hiyo hiyo itakufanyia kazi kinyume: utachoma kuni jioni nzima, na joto lote litakwenda kukaa kwenye ujia wa juu, mahali ambapo hakuna anayeketi. Kimo cha mita 2.7 kinatosha sebuleni. Ukitaka mahali pamoja pawe parefu kwa fahari ya nyumba, pawe ukumbi mdogo wa kuingilia wenye ngazi, uliotengwa na sebule kwa mlango wa kuteleza wa mbao na vioo. Mchana unaufungua, usiku unaufunga. Mlango huo unahitaji mfuko wa kujificha ndani ya ukuta, na mfuko huo huchorwa pamoja na ukuta, wala hauongezwi baadaye.

Kuhusu meko, wengi huyaweka kwenye ukuta wa nje kwa sababu ni rahisi kupandisha dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Sehemu ya joto unalolilipia kwa kuni huenda kuwapasha panya wa uani. Yawekwe kwenye ukuta wa ndani, na ikiwezekana mgongo wake uwe chumba cha mama, ili tofali zilizopata moto jioni ziendelee kutoa joto upande wa pili usiku. Eneo la njia ya moshi lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo wa meko: mdomo wa sentimita 80 kwa 70 unahitaji njia ya mraba wa sentimita 24 kwa 24. Juu ya paa, dohani ipande angalau sentimita 90 kutoka pale inapotokea, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu kutoka hapo, kofia ya paa ikiwemo. Isipofanya hivyo, upepo utaurudisha moshi sebuleni, na mwaka wa pili meko yatageuzwa kabati la viatu. Nimeyaona mawili ya namna hiyo. Kwa kuwa dohani hupenya katikati ya paa, fundi wa kenchi lazima ajue mahali pake kabla hajakata ubao wa kwanza.

Nisiondoke hapo bila kusema jambo ambalo kila msimu wa baridi linaua watu mikoa yetu: jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu. Nyumba iliyobuniwa vizuri kwa ajili ya baridi ni ile ambayo haimpi mtu sababu ya kuingiza jiko hilo.

Sasa dagaa. Jengeni majiko mawili yanayogawana ukuta mmoja: la ndani, lililo wazi kwa chumba cha kulia, na dogo la nyuma lenye mlango wake wa nje, kuni, gesi na dirisha lililo upande ambao upepo hutoka nyumbani kwenda nje. Ukuta huo mmoja ubebe mabomba yote, na bafu la chini liwe jirani yake, ili maji ya moto yasisafiri mita kumi na tano yakipoa njiani. Meza ya jiko iwe na kina cha sentimita 60 na kimo cha 90, na kati yake na meza ya katikati ziwepo sentimita 110 hivi, ili mmoja akifungua oveni mwingine aweze kupita. Dirisha la sinki mwambieni mwashi apandishe kozi tano, kwa kuwa nne ni sentimita 96 kutoka kwenye zege, na sakafu ikimwagwa na kuwekwa vigae hula tano kati ya hizo, zikabaki 91, karibu usawa mmoja na meza.

#4 Mchangiaji kutoka Iringa (mbunifu majengo)

Kamwene wakuu. Nimefurahi kumsoma fundi seremala, na katika mengi nakubaliana naye, ingawa nitamrekebisha mahali pamoja: kuchora samani kwanza hakumwondolei mtu wajibu wa kuchora mhimili wa jengo. Nyanda zetu ziko pale ambapo matawi ya Bonde la Ufa hukutana, na tetemeko la Rukwa la mwaka 1910 lilikuwa miongoni mwa makubwa kupata kurekodiwa Afrika. Ukuta wa kioo wa mita sita usio na nguzo, wenye ghorofa juu yake, hauchorwi kwa sababu tu sofa limependeza mbele yake. Nguzo za zege lazima ziwepo, na lenta, yaani mkanda wa zege juu ya madirisha na milango, izunguke nyumba nzima bila kukatika. Hapo ndipo ushirikiano unapoonekana: nguzo ya sentimita 23 katika ukuta wa 15 hutokeza sentimita 8 ndani ya chumba, na nguzo hiyo ikipangwa iangukie ndani ya kabati au ubavuni mwa rafu ya vitabu, hakuna atakayeiona.

Kuhusu vioo, napenda kuwakumbusha wateja wangu nyumba ya Tugendhat mjini Brno, nchini Ucheki, iliyobuniwa na Ludwig Mies van der Rohe na kukamilika mwaka 1930. Ina ukuta mrefu wa kioo, na madirisha mawili ya ukuta huo hushuka yote chini ya sakafu kwa mota. Picha zake zimezaa maelfu ya vila duniani, lakini picha hazionyeshi vizuri mabomba ya kupasha joto yaliyopita mbele ya vioo hivyo, wala mitambo iliyojaa chumba cha chini ya nyumba. Anayeunakili ukuta wa kioo na kuyaacha mabomba amenakili nusu ya nyumba.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Villa Mairea ya Ufini, kazi ya Alvar na Aino Aalto iliyokamilika mwaka 1939. Imejengwa katikati ya msitu wa misonobari, na ngazi yake imezungukwa na fito nyembamba za mbao zilizosimama kama vigogo vya msitu ulioko nje ya dirisha. Fito hizo ni ukingo wa ngazi, ni pambo, na ni ukuta unaopitisha mwanga, zote kwa pamoja. Mtu aliyezaliwa Mufindi, aliyepita katikati ya paini za Sao Hill tangu utoto, haelekei kuhitaji kufafanuliwa hilo.

Nasi tuna la kwetu. Tembe la Wahehe lilikuwa na vyumba vilivyopangwa kuuzunguka ua, na paa bapa la udongo, na ua huo uliwakinga watu na mifugo na upepo. Hapa Iringa upepo ndio adui wa kwanza, hata kabla ya baridi, na vila yenye umbo la herufi L au U iliyofunguka kaskazini hupata ua wenye jua na utulivu. Kuta za nje zikiwa za tofali za kuchoma zilizoachwa bila plasta, tofali hizo hizo zikaingia ndani zikawa ukuta wa meko, mtu hujua yuko wapi kabla hajaona samani yoyote.

Neno la mwisho upande wa kazi yangu: michoro ya kibali ichorwe na mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na mchoro wa samani uambatane nayo tangu siku ya kwanza. Kuhamisha dirisha baada ya kibali ni kurudi mwanzo wa foleni.

#5 Mchangiaji kutoka Mbalizi (mwashi)

Wakuu, naomba nasi tusionewe. Mwashi hupewa karatasi yenye vipimo vya kuta, na akiuliza kitanda kitakaa wapi huambiwa hilo halimhusu. Nyumba moja nilibomoa dirisha mara mbili kwa sababu mwenyewe alibadili mawazo baada ya kutembelea nyumba ya shemeji yake. Ninachofanya siku hizi ni kumwomba mwenye nyumba aje siku kuta zikifika kozi ya nne, tuchore kwa chaki ukutani kila soketi, kila swichi, kichwa cha kitanda na mwisho wa kabati, na fundi umeme awepo. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja. Kukata ukuta uliokwisha plasta huchukua wiki, na kovu halipotei.

Nina swali pia kwa seremala: hizi nyumba za paa lililofichwa nyuma ya ukuta, anazionaje kwa mvua zetu?

#6 Mwanzisha uzi

Ndugu mwashi, nimekuelewa na nimejifunza. Hiyo ya chaki naichukua.

Paa lililofichwa naliogopa. Maji yote hukusanywa kwenye mfereji ulio ndani ya ukuta wa nyumba, na ikinyesha mvua ya mawe, au majani ya mikaratusi yakiziba tundu moja, maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye dari ya jipsam. Kwa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, mimi nisingelijenga hata kwa kubembelezwa. Paa la mteremko unaoonekana, lenye gata la nje ambalo kijana anaweza kulisafisha kwa ngazi, linaweza kuwa la kisasa vile vile likichorwa kwa mistari michache. Upande wa ndani, mteremko huo unakupa dari ya mbao iliyolala sambamba na paa, ya chini upande wa kitanda na ya juu upande wa dirisha.

Dari hiyo ndiyo inayonirudisha kwenye mbao. Tunaishi jirani na paini ya Mafinga, na bado tunaiharibu kwa haraka. Mbao mbichi ikipigwa darini mwezi wa Machi, kufikia Agosti hewa imekauka na kila kiungo kimefunguka kiasi cha kupitisha sarafu. Kwa kazi ya ndani ubao ushuke hadi unyevu wa asilimia 12 hivi, na njia ya kufika huko ni kuununua mapema, kuupanga kivulini kwa vijiti kati ya tabaka na tabaka, na kuuacha miezi kadhaa huku msingi na kuta zikiendelea. Faida ya kumwita seremala mwanzoni ni hiyo pia: nyumba inapofika kwenye dari, mbao zimekuwa tayari. Ukitaka mbao ngumu kwa ngazi na meza, mninga unatosha kwa nyumba nzima ukitumika pale tu ambapo mkono hugusa.

Pazia nalo hujengwa. Usiku wa Julai kioo kisicho na pazia zito ni tundu ukutani. Achieni nafasi ya sentimita 18 kati ya dari na ukuta wa dirisha ili reli mbili zijifiche humo, na pazia lianzie juu kabisa hadi sakafuni, hewa baridi isipate pa kutelezea. Rangi na vitambaa sitavisemea sana, kila mtu ana jicho lake, ila taa ziwe za mwanga wa manjano wa kelvini 2,700 hadi 3,000, maana ukungu wetu una weupe wa kutosha. Vikapu vya milulu vya Iringa vikigeuzwa vivuli vya taa hutupa kwenye tofali nyekundu kivuli ambacho sijakiona katika duka lolote.

#7 Mchangiaji kutoka Njombe

Wakuu, narudi baada ya siku kumi na moja. Sikupeleka ramani halmashauri. Nilinunua chokaa mfuko mmoja, nikashirikiana na vijana wawili kuichora nyumba nzima kiwanjani kwa ukubwa wake halisi, kuta, milango, vitanda, makabati na meza ya chakula. Kisha Jumamosi saa tatu asubuhi tulibeba viti vya nyumbani tukavipanga ndani ya mistari, mama akaketi palipoandikwa sebule.

Alikaa kama dakika kumi, akajifunga kanga vizuri, akanyanyuka na kiti chake akaenda kukiweka mahali palipoandikwa gereji, ambako jua lilikuwa limeshafika. Mke wangu alisimama kwenye sinki la chokaa akasema kwamba kutoka pale hawaoni watoto wakicheza. Tumevuka mistari kwa miguu, tumeigeuza nyumba yote robo duara, gereji imehamia kusini, na majiko yamekuwa mawili. Mbunifu wa Iringa, nimekutumia picha za chokaa kabla mvua haijazifuta, na seremala naomba uniambie ni lini unakwenda Mafinga, nikupe fedha ya mbao za dari.

#8 Mwanzisha uzi

Naenda Jumatano. Nitumie urefu wa ile sebule mpya, na uupime kutoka kwenye chokaa, usiutoe kwenye ramani.